Kangaga mti si mnazi mchanga: namna ya kulitambua kabla hujalishika

Tangu masika yaanze, simu ya ofisi yetu ya misitu imejaa picha. Mmea mrefu wenye majani ya kutandaza, kijito kinaonekana nyuma yake, na chini ya picha swali ni lile lile: "Huu mnazi wa msituni bei gani?" Au: "Una vidudu, nipulize dawa ipi?" Kumjibu kila mtu peke yake kumetushinda, ndiyo maana tunaandika haya kwa wananchi wote, hasa wa vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara Mashariki. Tunajua wengi wenu mnauliza kwa nia njema.

Si mnazi. Si mchikichi. Ni kangaga lililoota shina, na kitaalamu linaitwa Cyathea manniana. Vitabu vipya vinaliita Alsophila manniana. Mmea ni ule ule, msigombane. Halichanui ua wala halizai tunda, kwa hiyo anayewaahidi mbegu zake sokoni anawauzia kitu kingine.

Pa kuanzia si juu kwenye majani, ni kwenye kikonyo, pale jani linapotokea shinani. Tazama kwa macho kwanza. Kikonyo cha kangaga hili kina miiba mifupi, migumu, yenye ncha kali. Mwaka jana kijana mmoja alituletea jani zima, kiganja kimefungwa kitambaa chenye damu, akatuuliza kama ni mmea wenyewe. Tulimwambia mkono wake umeshajibu. Majani yakidondoka, vitako vya vikonyo hubaki na miiba yake, ndiyo maana shina huwa linachoma. Shina lenyewe ni jembamba kwa urefu wake, halina matawi, na limevikwa mizizi myeusi iliyosokotana.

Kisha tazama kileleni. Jani changa limejikunja kama mkia wa kinyonga, limefunikwa magamba ya kahawia. Ni magamba, si manyoya. Ukiyakwangua kwa ukucha yanabanduka vipande vipande.

Sasa geuza jani. Hapa ndipo penye kelele nyingi. Vile vidoa vya mviringo vilivyojipanga safu mbili, kila upande wa mshipa wa kati wa kila kipande, si mayai ya wadudu, si kutu, si ukungu. Ndivyo vinavyobeba spora, yaani uzazi wa mmea. Tumewahi kukuta kijito kizima kimepuliziwa dawa ya nyanya kwa sababu mtu aliona "ugonjwa" chini ya majani, na maji hayo wenzake wa bondeni wanakunywa. Kama huamini, weka kipande cha jani lililokomaa juu ya karatasi nyeupe, vidoa vitazame chini, kilale ndani pasipo upepo. Asubuhi kikikauka vizuri utakuta vumbi laini limechora umbo la jani. Mayai ya wadudu hayafanyi hivyo.

Vumbi hilo likiangukia tope lenye kivuli huota kijimea bapa cha kijani, kidogo kuliko ukucha, chenye umbo la moyo. Upande wake wa chini, mbegu ya kiume huogelea kwenye utando wa maji kuifikia ya kike. Pasipo unyevu hakuna kangaga jipya. Ndiyo sababu ya kulikuta ukingoni mwa kijito na si kwenye bustani ya mbele ya hoteli, ambako yaliyopandwa tunayaona yakinyauka kiangazi kinapoingia. Na ukilikata shina, halichipui pale ulipokata.

Yapo yanayofanana nalo. Marattia fraxinea, nalo ni kangaga, hukaa kijito hicho hicho, na majani yake ni marefu hata kuliko mtu mrefu, lakini halisimamishi shina na halina miiba. Kitakoni mwa kikonyo lina vipande vinene kama masikio, na vikonyo vidogo vya jani vimevimba pale vinapoungana. Vifuko vyake vya spora ni vigumu, vina umbo la mtumbwi, na vimepangwa karibu na ukingo wa jani. Mtapo, jamii ya Encephalartos, una majani magumu yaliyogawanyika mara moja tu kama ya mnazi, na huzaa koni kama za msonobari. Kangaga la kwenye mashamba yaliyoungua, linaloota juani, ni jingine kabisa. Hilo halihitaji utetezi wa mtu.

Tuje kwenye taratibu, maana hapa ndipo watu hupata hasara. Ndani ya hifadhi ya msitu, kama ile ya Amani iliyotangazwa 1997, huruhusiwi kung'oa, kukata wala kubeba mmea au sehemu yake bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002. Barua ya serikali ya kijiji inakutambulisha tu, si kibali. Mtafiti huanza na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha anakuja kwetu na kibali hicho, si kinyume chake. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na panga, pikipiki au gari lililotumika linaweza kutaifishwa. Makosa mengine hufifilishwa kwa kulipa bila kufika mahakamani, ila uamuzi huo ni wa mwenye mamlaka, si wa askari wa doria mliyekutana naye njiani. Ukilipa, dai stakabadhi.

Nje ya hifadhi mambo hayajawa huru. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaelewa shamba la iliki lilikuwa la babu. Mita 60 zinahesabiwa hata kwa babu. Na maji ya mto Zigi yanayotiririka humo ndiyo yanayofika bwawa la Mabayani na kwenye mabomba ya Tanga mjini.

Kusafirisha nje ya nchi ni suala jingine. Makangaga yote ya jenasi Cyathea yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, yakiwa hai au makavu, pamoja na vipande vya shina vinavyouzwa kwa wapandaji wa okidi. Kibali cha kusafirisha hudumu miezi 6 tu, na hutolewa baada ya mamlaka ya kisayansi kuridhika kwamba uvunaji hauathiri mmea porini. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ni karatasi nyingine, haichukui nafasi ya kibali hicho. Spora peke yake haziguswi na CITES. Tunalisema kwa sababu kuna wajanja wanaolijua tayari. Kuzichukua ndani ya hifadhi bado kunahitaji ruhusa yetu.

Ukitaka tukutambulishie mmea, usikate. Tuma picha tatu: kikonyo pale kinapotokea shinani, upande wa chini wa jani ukiwa karibu kiasi cha kuhesabu vidoa, na shina zima pamoja na mazingira yake. Andika jina la kijito na kijiji. Picha ya majani yakitazamwa kutoka juu tutairudisha.