Kwa nini Ufaransa ina vijiji visivyo na watu lakini vina meya?

Karibu na mji wa Verdun, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Fleury-devant-Douaumont. Hakina mkazi hata mmoja. Mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikifuta kabisa mwaka 1916, na ardhi yake ikajaa mabomu ambayo hayajalipuka, basi hakikujengwa tena. Lakini meya kinaye! Kwa kuwa hakuna wa kupiga kura, meya huyo huteuliwa na mkuu wa mkoa. Vijiji vingine vitano vya hapo jirani viko hivyohivyo.

Kwetu Tanzania meya ni mtu wa jiji au manispaa. Ufaransa ina komuni, yaani serikali za mitaa za ngazi ya chini kabisa, karibu 35,000, takribani nusu yake zikiwa na watu wasiozidi 500, na kila moja ina meya na baraza lake la madiwani.

Chanzo ni Mapinduzi ya 1789. Desemba mwaka huo, parokia za zamani, kila moja na mnara wake wa kengele na makaburi yake, ziligeuzwa kuwa serikali za mitaa. Mwaka 1792 daftari la vizazi, ndoa na vifo likaondolewa mikononi mwa padri. Ndiyo maana mpaka leo ndoa inayotambulika kisheria ni ile inayofungwa na meya, kavaa utepe wa bluu, nyeupe na nyekundu kutoka begani hadi kiunoni. Utepe huohuo huvaliwa hata Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa jirani na Komoro, ambako komuni ni 17.

Kinachonifurahisha zaidi ni habari ya kanisa. Baada ya sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola, makanisa mengi ya zamani yalibaki mali ya komuni. Paa likivuja, anayehangaika kutafuta fundi na fedha ni meya, hata kama yeye mwenyewe hasali. Na bajeti ya kijiji cha watu 60 unaweza kuikisia.

Mwaka 1971 serikali ilijaribu kuviunganisha vijiji hivi ili kupunguza gharama. Vichache vilikubali, na baadhi ya vilivyokubali vikaja kuachana. Watu hawakutaka ofisi yao ihamie kwa jirani, na mimi siwalaumu.

Halafu vijiji vina karata nyingine. Anayetaka kugombea urais wa Ufaransa lazima apate saini za viongozi 500 waliochaguliwa, na wengi wao ni mameya. Saini ya meya wa kijiji ina uzito uleule wa saini ya meya wa Marseille, na kila mmoja anaruhusiwa kumdhamini mgombea mmoja tu. Kwa hiyo uchaguzi ukikaribia, wapambe wa wagombea wadogo hushinda kwenye simu wakiwabembeleza mameya wa vijijini, na wapo wanaojibiwa kwamba meya yuko shambani, wapige tena jioni.