Samaki wa friza si lazima awe samaki mbovu

Hapa Kampala, ukisema samaki wako ametoka kwenye friza, mtu atakunja uso: "Huyo wa zamani!" Imani hiyo imedumu, licha ya jua letu hili. Sato aliyevuliwa Ziwa Victoria usiku, akalala mezani pale soko la Ggaba, kando ya ziwa, hadi alasiri bila barafu, ameshaanza kuharibika. Mwenzake aliyegandishwa mapema, kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria wake wameacha kuzaliana. Hawafi wote, lakini. Akiyeyuka, wanaendelea na kazi.

Kwa hiyo muulize muuzaji aligandishwa lini, na umeme ulipokatika ilikuwaje. Mfuko wenye mabonge ya barafu na maji yaliyoganda chini, mimi huurudisha: ni dalili kwamba samaki aliyeyuka akagandishwa tena. Ambaye hajagandishwa mfunue mashavu: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi.

Njegere za friza nazo husingiziwa. Hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na mara nyingi hubaki na vitamini C nyingi kuliko zilizokaa sokoni siku kadhaa.

Nyumbani, samaki myeyushie ndani ya friji, kwenye bakuli, usiku kucha.