Kelele Malindi: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

"Kabla ya saa sita usiku, kila mtu na muziki wake."

Hakuna dhana iliyoenea Malindi kuliko hii, wala iliyowanyima watu usingizi zaidi. Kanuni za kitaifa za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotoka mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mchana nao una mipaka yake. Nje ya nyumba katika mtaa wa makazi, kikomo cha mchana ni desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya nyumba ni 45. Mtaa wenye makazi, maduka na burudani kwa pamoja una 55, eneo la biashara 60, sehemu za ibada na maeneo ya kimya 40. Ikishapita saa mbili usiku, yote hayo hushuka hadi 35.

Thelathini na tano ni kidogo mno. Watu wawili wakizungumza kwa sauti ya kawaida, wameachana mita moja, hufikia karibu 60. Mwenye baa anayejitetea kwamba saa sita haijafika hana pa kushika.

Vipimo hivyo ni wastani wa nguvu ya sauti kwa saa 14 za mchana au saa 10 za usiku. Hapo huzuka dhana nyingine, kwamba saa moja ya disko itamezwa na saa tisa za kimya. Haimezwi. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi, ingawa sikio huhisi imekuwa maradufu tu. Muziki wa desibeli 75 kwa saa moja, kisha kimya cha 35 kwa saa tisa, huacha wastani wa 65. Hata dakika kumi za muziki huo huacha wastani wa 57 hivi. Usiku mzima umeharibika, kwa hesabu na kwa aliyekuwa amelala.

"Bila mashine ya kupimia, huna kesi."

Kanuni hazikuanza na mashine. Zinaanza kwa kukataza kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida inayoudhi, kusumbua au kuhatarisha afya na utulivu wa wengine. Kisha zinataja mambo ya kuangaliwa: ni saa ngapi, ni karibu na makazi kiasi gani, inajirudia au ni ya mfululizo, ukali wake ni upi, imekuzwa kwa vyombo vya umeme au mitambo, na je, mwenye kuipiga angeweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa? Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Spika iliyoelekezwa mtaani wakati ingeweza kugeuzwa ielekee ndani ya ukumbi ni ushahidi tosha kwamba juhudi haikufanywa.

Kipimo, hata hivyo, husaidia, na kwa mji wa pwani kina mtego wake. Mawimbi yakiwa makali, nyumba iliyo karibu na ufuo huvuka 35 kwa sauti ya bahari peke yake. Kwa maoni yetu huu ni udhaifu wa kikomo kimoja kwa wote. London hufuata njia nyingine: chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, kama sauti ya kawaida ya mahali haizidi desibeli 24, kikomo ni 34, ikizidi 24, kelele inayolalamikiwa isiipite kwa zaidi ya 10. New York nayo huangalia muziki wa sehemu za biashara kwa jinsi unavyosikika ndani ya nyumba ya jirani, na kikomo huko ni desibeli 42.

Kwa hiyo Malindi, ofisa akija kupima, mwombe apime mara mbili: muziki ukilia, na muziki ukiwa umezimwa. Tuseme vyote pamoja ni 58, na bahari na mtaa peke yake ni 50. Muziki wenyewe ni 57. Tofauti ikiwa chini ya 3, kipimo hakiwezi kusema ni nini kimetoka wapi, na ni bora kurudia usiku mwingine kuliko kuandika nambari isiyosimama.

"Simu yangu imeonyesha 90, ushahidi ninao."

Programu za simu zinafaa kwa kumbukumbu zako mwenyewe. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa mazungumzo, na simu nyingi hujirekebisha zenyewe sauti inapozidi, kwa hiyo simu mbili juu ya meza moja huweza kutofautiana sana. Mashine inayokubalika ni ya daraja la 1 au la 2 la usahihi, na huhakikiwa kabla na baada ya kazi kwa kifaa kinachotoa sauti ya desibeli 94 kwa hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde. Husimamishwa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini, mbali na ukuta angalau mita 3.5 ili mwangwi usiongeze nambari, ikiwa imevikwa sifongo ya kuzuia upepo. Upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, kazi iahirishwe.

Upepo pia huamua nani anaumia. Sauti hufika mbali zaidi inakoelekea na upepo. Wakati wa kusi, nyumba zilizo kaskazini mwa disko ndizo hupokea. Kaskazi ikiingia, zamu huhamia kusini. Kipimo cha Julai hakimsafishi mwenye disko mwezi wa Januari.

"Mashine imesema 44, mbona kifua kinatikisika?"

Anayeuliza hivi hajakosea. Kipimo cha kawaida, cha herufi A, hufuata usikivu wa sikio, kwa hiyo hupunguza sana sauti nzito: kwa hezi 63, mahali besi ya disko ilipo, hukata desibeli 26. Besi ya 70 itaandikwa 44. Mashine hiyo hiyo ina kipimo cha pili, cha herufi C, ambacho karibu hakikati chochote hapo. Omba vyote viwili viandikwe. Tofauti ikizidi 15 hadi 20, tatizo ni besi, na tiba ni kupunguza besi kwenye mtambo, maana kushusha sauti yote kidogo hakutamtuliza jirani.

"Tutapanda miti, au tutabandika trei za mayai."

Ukanda wa majani mazito wenye upana wa mita 20 hupunguza takriban desibeli 1 tu ya sauti za kati, na besi haiguswi kabisa. Mstari mmoja wa mivinje ni kivuli kizuri, si kinga. Trei za mayai na sifongo hupunguza mwangwi ndani ya chumba lakini hazizuii sauti kutoka nje, kwa sababu kinachozuia ni uzito. Ndiyo maana ukumbi wa makuti usio na kuta hauwezi kuwa disko ya usiku karibu na makazi, hata mwenyewe awe na nia njema kiasi gani.

Ukuta wa mawe huzuia vizuri, ila matundu huuangusha. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta hufanya ukuta mzima usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20. Kwenye ukuta wa mita 10 za mraba, hilo ni tundu la kama sentimita 30 kwa 33. Matofali ya matundu tunayoyapenda pwani kwa ajili ya hewa huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Njia rahisi ni kupanga spika upya. Kila umbali unapoongezeka maradufu nje, sauti hupungua desibeli 6. Msikilizaji aliye mita 16 kutoka kwenye spika moja kubwa akiwekewa spika ndogo mita 2, spika hiyo ndogo inaweza kulia desibeli 18 chini ya ile kubwa na yeye asikie vilevile. Ukiweka nane kama hizo, zinaongeza 9, na jirani bado amepunguziwa 9. Mpango huu unafaa misikiti, makanisa na harusi sawasawa, wala hakuna aliye ndani atakayekosa neno.

"Nina leseni ya pombe." "Huu ni msiba."

Leseni ya pombe ni ya kuuza pombe. Kuvuka vikomo kwa shughuli maalum kunahitaji kibali chake, kinachoombwa kabla ya shughuli. Disko matanga, yaani disko za usiku kwenye msiba, nazo zimepigwa marufuku Kilifi, hasa kwa usalama wa watoto, lakini hata bila marufuku hiyo msiba hauondoi kikomo cha usiku. Waliosamehewa ni kama king'ora cha ambulansi, cha zimamoto au cha polisi, na tahadhari za dharura.

"Mpaka nithibitishe nimeugua."

Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinasema anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba yupo aliyepata hasara au madhara. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, kwa hivyo usikubali kurushwa kati ya ofisi ya kaunti na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira: peleka barua kote kuwili, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambatisha daftari la wiki mbili: tarehe, saa ya kuanza na kuisha, chanzo, ulikuwa chumba gani, madirisha wazi au yamefungwa, upepo unatoka wapi. Majirani watatu wakiandika kila mmoja daftari lake, ni bora kuliko saini hamsini kwenye karatasi moja. Barua zisipojibiwa, nakala hizo ndizo za kupeleka Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hukaa hapa hapa Malindi.