Waya wa ubongo si wa kila anayepepesa macho

Siku hizi swali huja likiwa ndani ya simu. Mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliingia kliniki yetu hapa Nairobi na kunionyesha video kabla hajaketi. Kijana aliyetiwa waya wa umeme ubongoni anarusha shingo na kupayuka, daktari anabonyeza kitufe, kijana anatulia. "Daktari, hii betri ya kifuani mnaweza kumwekea huyu?" Huyu ni mwanawe wa miaka 9. Alipepesa macho mara tatu, akapandisha bega la kushoto, akaguna.

Video ile haikudanganya, ila iliruka miaka mingi.

Walikuwa wamezunguka. Mtoto alinunuliwa miwani kwa ajili ya kupepesa, akapewa antibayotiki za koo kwa ajili ya kuguna, kisha dawa ya minyoo, kisha maombi. Shuleni alitolewa nje ya darasa kwa "kelele za makusudi". Kumbe ni tiki: miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia. Zikiwapo tiki za mwili zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, zikaanza kabla ya miaka 18 na kupita mwaka mzima, tunaita ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette aliyeeleza wagonjwa 9 mwaka 1885. Matusi yanayowafurahisha watu mitandaoni huwapata wachache tu, kama 10 hadi 15 kati ya 100.

Kinachowachanganya walimu ni kwamba mtoto huweza kujizuia kidogo. Wengi husikia mwasho kwanza, kama chafya inayokuja. Atazibana tiki kanisani kwa saa nzima, akifika nyumbani zinafumka zote. Hapo ndipo anapoambiwa anajifanya.

Ndani ya ubongo kuna mzunguko unaoruhusu mwondoko mmoja na kuzuia mingine. Nikieleza hapa Nairobi huwa natumia matatu. Makanga anagonga bodi, dereva anang'oa gari. Kwenye tiki, bodi inagongwa na hakuna abiria aliyepanda, lakini dereva anang'oa hata hivyo. Upasuaji wa kwenye video hupeleka umeme mdogo kwenye mzunguko huo, mara nyingi kwenye thalamasi au globasi palidasi, sehemu zilizo ndani kabisa ya ubongo, takriban mapigo 130 kwa sekunde. Ni kama bodi inayogongwa bila kukoma hadi dereva aache kuifuata ile milio ya ovyo. (Mfano huu una mashimo, najua, lakini umenisaidia.)

Kichwa hupigwa picha, fuvu hutobolewa tundu dogo kuliko sarafu ya shilingi moja kila upande, na elektrodi, yaani waya mwembamba wa kupeleka umeme, yenye unene wa milimita 1.3 hivi hushushwa hadi mahali palipopimwa. Waya hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, hadi kwenye betri iliyo kifuani, chini ya mtulinga. Kitufe hakimalizi kazi siku hiyo. Mgonjwa hurudi kliniki kwa miezi, nguvu ya umeme inapandishwa na kushushwa, maana ikizidi ulimi huwa mzito au mkono hufa ganzi. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka michache, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine. Ipo ya kuchajiwa, na kwa mtaa ambao stima hupotea bila taarifa hilo nalo ni la kuulizwa mapema.

Tourette ilitibiwa hivyo mara ya kwanza Uholanzi, mwaka 1999. Matokeo ya wagonjwa 185 kutoka nchi 10, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha alama za ukali wa tiki zikishuka kwa wastani wa asilimia 45 baada ya mwaka mmoja. Kushuka, si kuisha. Kiasi cha 3 kati ya 100 walipata maambukizi, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 walivuja damu kichwani.

Kwa mtu mzima ambaye shingo yake inajirusha hadi inatishia uti wa mgongo, na dawa zimeshindwa, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa huyu wa miaka 9 haikubaliki, na sababu kubwa ni umri wake. Tiki hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa watoto wengi hupungua kadiri ujana unavyosonga. Sioni busara ya kutoboa fuvu kufukuza kitu ambacho huenda kinajiandaa kuondoka.

Tulianza na mazoezi. Mwasho wa bega ukija, analishusha na kubana kiwiko ubavuni hadi mwasho upite. Wa kuguna ukija, anavuta pumzi polepole kwa pua, mdomo umefungwa. Dawa kama klonidini au risperidoni zipo, nazo huleta usingizi au unene, kwa hiyo tumeziacha kwanza.

Kisha nikaandika barua kwa mwalimu: akae karibu na mlango, atoke dakika mbili akihitaji bila kuomba ruhusa, asikemewe. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. Mtoto aliuliza kama dakika mbili hizo anaweza kwenda mpaka uwanjani.