Usukani wa kuchomoa: mambo ya kuangalia kabla ya kufunga kwiki-rilisi

Wateja wengi wakiniletea kwiki-rilisi, yaani kiungo kinachowezesha usukani kuchomolewa haraka, huwa wameshainunua, na wanachotaka kujua ni kama rangi itaendana na viti. Mimi naiunganisha, nabana upande wa nyuma kwenye jiriwa, kisha nautikisa upande wa mbele kulia kushoto. Ikicheza hata kidogo, siifungi. Usukani wa milimita 350 una nusu kipenyo cha milimita 175, ilhali meno yanayoushika yako kama milimita 10 tu kutoka katikati. Kwa hiyo mwanya wa nusu milimita kwenye meno unafika mikononi mwa dereva ukiwa karibu milimita 9. Kwenye barabara ya murram, gari likiwa tayari linateleza, dereva hawezi kujua magurudumu yanaelekea wapi.

Ninayoipenda ni ile ya chuma yenye meno mengi, ambayo jino moja limeachwa ili usukani uingie kwa namna moja tu. Zile za bei rahisi zinazotegemea vigololi vichache huwa nzuri siku ya kwanza, halafu vigololi vinachimba chuma laini na kelele inaanza. Kama gari litashindana kwa kanuni za FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ile ringi ya kuvuta lazima iwe ya njano, ikae nyuma ya usukani, na ifungue kwa kuvutwa kufuata mhimili wa usukani. Ukiwa muokoaji na dereva amezimia ndani, utashukuru kwamba hakuna kitufe cha kutafuta.

Tuseme gari ni Subaru Impreza, maana ndiyo inayoingia gereji kwangu mara nyingi. Nyoosha magurudumu ya mbele kwanza. Chomoa waya hasi wa betri, usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu mfumo wa eabegi (mfuko wa hewa wa ajali ulio kwenye usukani) hubaki na umeme kidogo. Ukishaitoa eabegi, ilaze uso ukiangalia juu, na usiinamie. Legeza nati ya katikati lakini iache kwenye nyuzi chache za mwisho, ndipo uvute usukani. Ukitoka ghafla, nati itauzuia usikupige mdomoni.

Na nyundo iache kwenye sanduku! Shafti ya usukani imeundwa ijikunje wakati wa ajali, na kwenye magari mengi kinachoizuia isijikunje mapema ni pini za plastiki. Ukiigonga kwa mbele unaweza kuzikata bila kuona chochote, na kuanzia hapo shafti inateleza ndani na nje. Tumia puli, kile kifaa cha kuvutia usukani utoke.

Baada ya hapo inaingia bosi ya gari hilo, yaani kipande kinachokaa kwenye shafti, kisha kwiki-rilisi, kisha usukani. Angalia matundu kabla hujalipa: sukani za Momo, Sparco na OMP nyingi zina skrubu 6 kwenye duara la milimita 70, lakini Nardi ni milimita 74, na tofauti hiyo haipanuliwi kwa drili. Weka gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, ya nguvu ya kati, ukaze kwa kupishana, na nati ya katikati ikazwe kwa spana ya kipimo. Kama ni aina ya kuchomelea, mpe mchomeleaji anayejua kazi yake, na klampu ya ethi (waya wa kurudisha umeme wa mashine) iwe karibu kabisa na kiungo, la sivyo umeme utapita kwenye beringi za shafti.

Bosi na kwiki-rilisi zikikaa pamoja zinausogeza usukani kifuani. Mkalishe dereva, mikanda ikiwa imebana, mabega yakiwa yamegusa kiti. Anyooshe mkono: kifundo cha mkono kilale juu ya usukani. Kama ni kiwiko ndicho kinachokaribia, tafuta bosi fupi, usimwambie atazoea.

Komeo la wizi la usukani liondolewe kabisa. Honi nayo irudi, kwa sababu gari la rali hupita barabara za umma kati ya hatua moja ya mashindano na nyingine. Mimi hutumia waya wa kujikunja wenye plagi, ili usukani ukitoka waya usikatike.

Vumbi la Naivasha, lile laini wanaloliita fesh-fesh, huingia kila mahali. Usijaze grisi kwenye meno, maana ikichanganyika na vumbi inasaga kama msasa. Futa kwa kitambaa kikavu na upulize kilainishi kikavu kidogo. Kisha, kila dereva anapourudisha usukani, asikie "klik", halafu auvute kwa nguvu kuelekea kifuani bila kugusa ringi, kabla hajawasha injini. Msoma ramani naye aangalie.

Kuhusu gari la kwenda kazini: wanaotaka niwatolee eabegi niwafungie kwiki-rilisi, waondoke na usukani ili wezi wasiibe gari, jibu langu ni hapana. Huna helmeti, huna mikanda ya pointi sita. Nunua komeo la nje la usukani.