Endelevu sio kitu kinachorudiwa rudiwa

Wiki iliyopita nimeshusha miche 250 kwenye sekondari moja huku Mwanza upande wa Nyegezi, huu ni mwaka wa tatu nawapelekea, na safari hii getini wametundika bango jipya limeandikwa MRADI ENDELEVU WA UPANDAJI MITI. Kiranja wa mazingira akanionyesha pa kushushia, nikaangalia mashimo, nikaangalia tena. Ni mashimo yaleyale ya mwaka jana. Na mwaka juzi. Kwenye mengine kijiti cha mche wa zamani bado kimesimama.

Mimi kama mfanyabiashara sina neno, mteja anayerudi kila mwaka nani amkatae, ila lile neno kwenye bango limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Na sio wao peke yao jamani, siku hizi kila risala ya mahafali, kila mgeni rasmi, kila tisheti ya klabu ya mazingira ni endelevu, endelevu, mpaka imekuwa kama chumvi, ukikosa cha kuandika unanyunyiza. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, kitaluni hakuna mtu, acha niseme.

Maana yake kwanza, haraka haraka. Kitu endelevu ni kile kinachoweza kuendelea bila kumaliza kile kinachokilisha. Basi. Ukitaka ya kitaalamu, ile tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilisema mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wa vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao, na yale Malengo 17 ya kufikia 2030 tunayoyasikia redioni ni ukoo huohuo. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, Mjerumani mmoja Hans Carl von Carlowitz, alikuwa ofisa wa migodi kule Saxony, aliona miti ya kuyeyushia madini inaisha, akaandika mwaka 1713 kwamba msitu usivunwe kuliko unavyoota. Huyu mzee nampenda bure, alianza na miti kama mimi.

Sasa njoo kwenye Kiswahili chenyewe maana ndipo tunapokosania. Mwanzo ni enda. Enda ikazaa endelea, endelea ikazaa watoto wawili, maendeleo na endelevu, kwa hiyo ukisema maendeleo endelevu ni kama unawaita mapacha kwa pamoja, na nadhani ndio maana watu wanaona ni mapambo tu, neno moja limesemwa mara mbili likolee. Hapana. Angalia ule mkia, -vu. Ule mkia una kazi yake.

Chukua mtoto anayesikia na mtoto msikivu. Anayesikia, umemwita amesikia, kesho hatujui. Msikivu ni tabia yake, hata usipokuwepo yuko vilevile. Au darasa lililotulia na darasa tulivu, darasa linaweza kutulia kwa sababu mwalimu wa zamu amepita dirishani na kiboko, akikunja kona tu ni soko la Mabatini. Anayevumilia na mvumilivu, hivyohivyo. Aliyepotea na mpotevu, mmoja kakosea njia ya kwenda Buhongwa, mwingine ndugu zake wameshakata tamaa. Hata neno danganya ukilipachika mkia wa -fu, ndugu wa -vu, aliyekudanganya jana anaweza kuomba msamaha, lakini mdanganyifu ndivyo alivyo. Ule mkia unakitoa kitendo mikononi unakiweka kwenye damu.

Kwa hiyo INAYOENDELEA na ENDELEVU ni vitu viwili tofauti kabisa na mtu akivichanganya anakuwa amesema uongo bila kujua. Inayoendelea ina maana bado haijasimama. Endelevu ina maana iko kwenye tabia yake kutosimama.

Nenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, uulize. Kuna mzee mmoja, mteja wangu wa miche ya miembe, aliniambia kwa kujisifu "mimi uvuvi wangu ni endelevu mama, sijalala nyumbani usiku tangu mwezi umeingia." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba, huo ni uvuvi unaoendelea! Mtu wa kokoro, ule wavu wa kukokota, naye anaendelea, anavuta kila usiku, anakomba mayai na vifaranga, anaendelea vizuri kabisa mpaka siku Ziwa Victoria litakapomjibu. Ile sheria ya kutovua sangara chini ya sentimita 50 ndiyo inayoutafuta ule mkia wa -vu, kwamba samaki apate kukua na kuzaa kabla hajafika kwenye mzani, ili anayevua leo asile na wa mwaka kesho. Sangara mwenyewe ni mgeni, kaletwa ziwani na wakoloni miaka ya 1950 kuingia 60, akawatafuna furu wetu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi hazionekani tena, lakini hiyo ni hadithi nyingine na nikiianza hatumalizi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni gugumaji. Lilipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliling'oa kwa mikono, kwa reki, kwa mitumbwi, ukitoa leo wiki ijayo limerudi, na mpaka leo kuna mialo bado linang'olewa hivyohivyo. Hiyo ni kazi inayoendelea. Halafu miaka ya 1990 wakaletwa wale mbawakawa wadogo, asili yao Amerika ya Kusini alikotoka gugumaji lenyewe, wanakula hilo tu, wanazaa humohumo, hawadai posho wala hawangoji mgeni rasmi. Hawakulimaliza, sitaki kudanganya, lakini hakuna anayewaamsha asubuhi. Hiyo kazi ina mkia.

Kuna kosa jingine dada yake hili, la kuita usafi mazingira endelevu. Usafi ni mzuri, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote na mafagio, sawa. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu wanafunzi wanafagia uwanja mpaka unang'aa halafu lile fungu lote, maganda, vifuko vya barafu, vifuniko, wanalisukumia mtaroni, mvua ikipiga linateremka mpaka mto Mirongo, Mirongo unalipeleka ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya kunywa pale Capripoint. Uwanja umekuwa safi. Basi, sema uwanja ni safi.

Turudi kwenye mashimo. Mwaka jana niliuliza kwa nini miche imekufa, mwalimu akasema jua. Nikaenda nikavuta mmoja, haukunisumbua, ukatoka mzima mzima na kiriba chake. Kiriba, ile nailoni nyeusi ninayooteshea, walifukia nayo! Mizizi ilikuwa imejizungusha mle ndani raundi tatu nne kama uzi kwenye kibiringo, imetafuta pa kutokea imekosa. Nikavuta wa pili, kiriba. Wa tatu, kiriba. Sio kwamba watoto wajinga, siku ile mgeni rasmi alichelewa mpaka saa saba, jua kali, wanafunzi mia nane wana njaa, kila mmoja alitaka afukie akapange foleni ya wali, na wenye simu walishapiga picha zao. Nani angewaambia? Mimi nilikuwa nje ya geti nasubiri hela yangu.

Hapo ndipo linaingia neno la pili ambalo nalo linateswa, kujituma. Risala ilisema "wanafunzi wetu wamejituma." Hebu lisikilize hilo neno polepole. Ku-ji-tuma. Kujituma ni wewe mwenyewe kuwa bosi na kuwa tarishi, unajipa kazi halafu unaondoka kuifanya. Watu siku hizi wanalitumia kwa maana ya kutoka jasho, aliyefyeka sana kajituma sana. Kama kengele imegongwa na majina yanasomwa paredi na asiyekuja ataadhibiwa, huyo katumwa, hata akifyeka mpaka Igoma. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 alipoleta Elimu ya Kujitegemea alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya hilo shamba, sasa niambie wewe uliyesoma, shamba la shule ulilijua kama mahali pa kuamua au mahali pa adhabu? Na ile Roots & Shoots, mpango wa vijana na mazingira wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ilianza hapahapa nchini, 1991 Dar es Salaam, wanafunzi 12 walimfuata kwake nyumbani na mambo yaliyokuwa yanawasumbua wao wenyewe. Walimfuata. Sio waliitwa.

Nimesema hivi kwa sababu shule ileile yenye bango kuna watoto wanne, wasichana, walikuja kitaluni miaka miwili iliyopita wakiwa kidato cha pili, wamechanga hela ya maandazi, wakanunua mipapai mitano. Wakaipanda nyuma ya jiko. Mwezi haujaisha wakarudi, "Shikamoo mama, mipapai yetu miwili imekufa, kwa nini?"

Nilisahau hata kuitikia marahaba. Nauza miche mwaka wa tisa huu, nimeuzia shule, ofisi, makanisa, misikiti, watu wa miradi wenye magari meupe, hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniuliza kwa nini umekufa. Wanarudi kununua mingine.

Tukaenda kuangalia. Kumbe waliipanda kwenye kabonde kadogo maji ya kuoshea masufuria yanakotuama, na mpapai hautaki kusimama kwenye maji, mizizi inaoza. Wakainua tuta, wakahamishia huko, maji ya kumwagilia wakayatega chini ya kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na choo, kile kidumu cha lita tano na kamba ya kukanyaga, maji yakishanawiwa yanashuka kwa mfereji mdogo wa kidole mpaka kwenye shina. Kidumu kikikauka mpapai unalegea majani, mpapai ukilegea wanajua hakuna maji ya kunawa. Mwaka uliofuata ikazaa. Mbegu wakazisugua kwa majivu kutoa ule utelezi, wakaotesha kwenye pakiti za maziwa, na tangu hapo hawajaninunulia mche hata mmoja.

Hata hao siwaiti endelevu bado, nisiwe mnafiki. Mwaka huu wanamaliza kidato cha nne, na mipapai haikai miaka mingi. Ila mwezi uliopita walikuja wadogo wawili wa kidato cha kwanza siwajui, hawakuja kununua, waliuliza kama pakiti ya maziwa inachanwa kabla ya kupanda au inaachwa. Na hakuna bango nyuma ya jiko, nadhani hata mwalimu mlezi wa klabu hajawahi kufika huko.

Basi mwalimu wangu, najua ukisoma hii utanijua ni mimi, usinikasirikie, na miche ya mwakani nitakuwekea kama kawaida. Bango mkilichapa tena andikeni tu "zoezi la upandaji miti", ni Kiswahili kizuri na ni kweli tupu, mmepanda. Lile neno jingine liacheni kwanza. Na viriba naomba vichanwe kabla ya kufukia, wembe nitakuja nao mwenyewe.