Biashara ambayo barua zake unaweza kuzijibu

Mwaka wangu wa kwanza nilijitangaza kuwa msaidizi wa mtandaoni wa kazi zote: kujibu barua pepe, kuingiza data, kupanga vikao, hata kutengeneza matangazo ya mitandao ya kijamii. Kazi zilipatikana, ila kila mteja alinishindanisha na wenzangu wa Manila na Lagos kwa kigezo kimoja tu, bei ya saa.

Kilichonigeuza ni barua moja. Mwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha alikuwa amenipa kazi ya kupokea barua za wageni na kumpelekea zile ngumu. Mgeni mmoja akauliza iwapo familia yake ingeweza kupanda Kilimanjaro bila kulala kwenye mahema, kisha iruke kwenda Serengeti na mabegi yao ya magurudumu, na kumalizia Zanzibar. Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya kuhifadhi nafasi za safari, nilimjibu papo hapo: njia yenye vibanda vya kulala ni ya Marangu, ndege ndogo za mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15, tena katika begi laini, hivyo ni heri yale magumu wayaache kwao, na tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, hata akiwa na bima nyingine. Bosi alipoamka, mgeni alikwishaomba ankara ya malipo ya awali.

Ndiyo maana wasaidizi wenzangu wakiniuliza kuhusu kuchagua fani ya kubobea, siulizi mtu anapenda programu gani. Namwuliza ni biashara ipi ambayo anaweza kujibu barua zake wakati mwenye biashara yuko usingizini. Aliyetunza hesabu za kampuni ndogo Nairobi, kwa mfano, hahitaji kukumbushwa kuwa kodi ya mishahara haitakiwi kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata, wala VAT tarehe 20. Huyo ana fani tayari, ingawa yeye huiita uzoefu wa kawaida.

Fani yangu ya utalii ina kasoro zake. Masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, kwa hiyo mimi hutoza kwa mwezi badala ya saa, na miezi hiyo huitumia kusahihisha orodha za bei za hoteli za msimu ujao. Orodha hizo ndizo zinazonibana zaidi, kwa sababu bei ambayo hoteli humpa wakala mmoja ni siri yake, na anayeitunza hawezi kumhudumia jirani anayeuza safari zile zile. Mwaka jana nilikataa kazi ya kampuni iliyo mtaa mmoja na mteja wangu, japo malipo waliyotaja yalikuwa mazuri kweli.